Ngozi Mbili za Programu ya Damu

Kwa miaka thelathini na moja Brashi aliishi kwa kuandika majina ya biashara za watu. Maduka ya dawa, vinyozi, gereji, shule za chekechea. Ukiwa na mlango na unataka watu waujue, ulimtafuta yeye. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti. Hata mkewe alimwita Brashi akiwa amefurahi, na "wewe bwana" akiwa amekasirika. Alikuwa na nyekundu yake mwenyewe, aliyoichanganya mlango ukiwa umefungwa, na ambayo kwa maneno yake ilimshika mpita njia shati. Chini ya kila kibao, kona ya kulia, aliacha herufi moja ndogo, B, ili mtu akiuliza kazi ya nani ajibiwe.

Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Mtu anaingia dukani asubuhi na picha kwenye simu, anatoka kabla ya saa sita na bango refu kuliko yeye. Kazi za Brashi zikapungua, zikawa za kubahatisha, zikakoma. Hakulaani mtu. Alilipaka geti la nyumba yake rangi, akalipaka tena, na alipoliendea mara ya tatu na kopo mkononi mkewe akamwambia, "Hilo geti likivaa koti jingine halitafunga." Akaweka kopo chini.

Katika nyumba hiyo waliishi watu wanne: Brashi, mkewe, mtoto wao wa kiume aliyekuwa mwalimu na aliyerudi kila jioni na daftari za kusahihisha, na mke wa huyo mwalimu. Huyu mkwe ndiye aliyeyaleta haya yote. Alikuwa akiandika programu za kompyuta katika kampuni ndogo ya watu sita, na siku tatu za wiki alifanyia kazi nyumbani, kwenye meza ya sebuleni. Yeye na baba mkwe wake waliheshimiana kwa mbali, kama inavyopasa. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, umeamkaje, nimeamka salama, basi. Miaka minne ilipita hivyo na hakuna aliyelalamika.

Mwaka huo kampuni ya mkwe ilikuwa inaiunda upya programu ya benki ya damu ya hospitali kubwa. Ndani yake ilikuwa imekamilika. Kilichobaki ni sura, na kijana aliyekuwa akishughulikia sura alikuwa amepata kazi pengine na kuondoka bila hata kumaliza chai yake. Kazi ikamwangukia mkwe. Siku moja asubuhi alikuwa anahangaika nayo, Brashi akapita nyuma yake na kikombe, akasimama.

"Hiyo njano inaumwa," alisema.

Mkwe akageuka. "Baba?"

"Hiyo ya juu. Ina kijani ndani yake. Ukiiweka karibu na hiyo bluu inakuwa jicho la mtu mwenye homa."

Mkwe akaitazama tena ile njano, na baada ya kuambiwa hakuweza kuiona vingine. Akacheka. "Mimi ni mtu wa kuandika amri, baba. Rangi si fani yangu, na meneja anataka kitu ndani ya wiki tatu. Kama una jicho, kiti hicho hapo."

Aliyasema hayo kwa utani. Brashi akavuta kiti.

Mkwe akamweleza kwa lugha nyepesi. Programu, alisema, ni kama mtu. Ina mifupa, yaani zile amri anazoandika yeye, na juu ya mifupa ina ngozi: rangi, umbo la vitufe, aina ya herufi, unene wa mistari. Ngozi hukaa kwenye faili lake lenyewe. Unaweza kuivua programu ngozi moja ukaivisha nyingine, na mifupa isijue kwamba kuna kilichobadilika.

"Na kazi inaendelea vilevile?" Brashi aliuliza.

"Vilevile."

Faili lenyewe lilikuwa orodha tu. Kushoto majina ya mahali: kichwa cha dirisha, kitufe, safu ya jedwali, onyo. Kulia nambari tatu tatu, moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya bluu, kila moja ikianzia sifuri hadi mia mbili hamsini na tano.

"Kwa nini isiwe mia tatu kamili?"

"Ndivyo ilivyo, baba."

"Nani aliamua?"

"Waliotutangulia."

Jibu hilo alilikubali. Asichokikubali ni njano. Mkwe alimwonyesha kwamba ukijaza nyekundu yote na kijani yote, ukaacha bluu sifuri, unapata njano inayong'aa. Brashi akaweka kikombe mezani. "Mwanangu, nyekundu na kijani huzaa tope. Nimezichanganya kabla hujazaliwa."

"Kwenye kopo, ndiyo. Hapa si rangi, ni mwanga. Rangi ukiziongeza zinazidi giza. Mwanga ukiuongeza unazidi weupe."

Brashi alizijaribu nambari hizo mwenyewe, kwa kidole kimoja, mara tano. Kila mara ilitoka njano. Alikwenda uani akakaa huko mpaka chakula cha mchana, na aliporudi alikuwa ameshaikubali, ingawa kwa siku mbili nzima aliendelea kuitazama skrini kwa jicho la mtu aliyepewa chenji pungufu.

Baada ya hapo hakukuwa na wa kumzuia. Alijifunza kubonyeza, kuburuta, kuhifadhi. Aliitafuta nyekundu yake kwa nambari, akaikosa, akaikosa tena, siku ya nne akaipata: mia mbili, kumi na sita, arobaini na sita. Mkewe aliyasikia haya kutoka jikoni, akauliza kama siku hizi watu wa nyumba hii wanasalimiana kwa namba za simu.

Ngozi aliyoitengeneza ilikuwa kazi ya mtu aliyefungiwa ndani miaka miwili. Kichwa cha dirisha kilikuwa chekundu toka ukingo hadi ukingo. Vitufe vilikuwa vyekundu pia, vikiwa na mstari mwembamba wa mwanga juu yake hivi kwamba ulitaka kuvigusa kuona kama vimekauka. Jedwali la mifuko ya damu lilikuwa na safu za waridi na nyeupe kwa zamu. Herufi za jina la programu zilikuwa pana, na kivuli kimeangukia kulia, kama alivyowaandikia vinyozi. Na kona ya chini, ukichungulia vizuri, ulikuta B.

Meneja wa kampuni, mtu aliyependa kusimama wakati wenzake wamekaa, aliitazama mara moja tu. "Hii sasa inaongea!" alisema. "Damu ni nyekundu, programu ni nyekundu. Mteja haambiwi, anaona mwenyewe." Ikawekwa kwenye kompyuta za benki ya damu Jumatatu.

Alhamisi mkwe alikuwa anakwenda kukagua, na Brashi akaomba kufuatana naye. Ilikuwa desturi yake. Kila kibao alikwenda kukitazama siku ya tatu au ya nne, rangi ikiwa imekauka na mwenye duka amekizoea. Alipiga pasi shati. Mkewe alimtazama akifunga vifungo, akamnyoosha kola kwa furaha.

Benki ya damu ilikuwa chumba kirefu mwisho wa korido ya hospitali: majokofu manne yaliyounguruma kila moja kwa sauti yake, meza ndefu, dirisha pana la upande wa mashariki, na kompyuta mbili. Aliyeshika zamu ya asubuhi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, ambaye huo ulikuwa mwaka wake wa ishirini na mbili hapo. Hospitali nzima walimwita Mama Jokofu, kwa sababu hakuna mlango wa jokofu uliofunguliwa bila yeye kujua, hata akiwa amewapa kisogo. Aliwasalimu, akawaonyesha pa kusimama, akarudi kwenye kazi yake.

Hawajakaa sana simu ikalia. Chumba cha upasuaji: mama aliyejifungua damu haikatiki, wanataka mifuko miwili ya kundi O, na muuguzi wa kuichukua yuko njiani. Mama Jokofu aliinama kwenye skrini, akabonyeza mara mbili, karatasi mbili zikatoka kwenye mashine. Akafungua jokofu la pili, akatoa mifuko miwili, akaanza kuisoma kwa sauti, kila neno lililoandikwa juu yake, kama sheria ya chumba kile ilivyotaka. Wa kwanza ulikuwa sawa. Wa pili alisoma kundi, akasoma namba, akaanza kusoma tarehe ya mwisho, akaishia njiani.

Mfuko ule ulikuwa umepita muda wake jana.

Aliuweka kando. Akarudi kwenye skrini, safari hii akaisoma safu kwa safu, kidole kikiwa juu ya kioo, akachagua mwingine, akautoa, akausoma mpaka mwisho. Muuguzi aliyetumwa alikuwa amefika mlangoni akihema; akapewa yote miwili, akaondoka mbio. Kuanzia simu mpaka hapo hazikupita dakika mbili, na yule mama wa upasuaji, kama walivyosikia baadaye, alipona. Lakini Mama Jokofu alikaa chini, akavua miwani, akajisugua macho kwa mgongo wa mkono.

"Naomba kuuliza," alisema, bila kupandisha sauti. "Nani ameivalisha mashine yangu sare ya harusi?"

Mkwe alifungua mdomo. Brashi akamtangulia. "Mimi."

Mwanamke akamtazama kutoka viatu hadi shati. "Wewe ni fundi wa kompyuta?"

"Fundi wa vibao."

"Inaonekana."

"Nyekundu hiyo ni safi," Brashi alisema. Hakujua kwa nini aliyasema hayo. Yalimtoka tu.

"Safi, tena sana, sikatai. Lakini zamani mfuko uliopita muda ndio peke yake ulikuwa mwekundu kwenye orodha nzima. Ulikuwa unanirukia machoni. Leo umejificha katikati ya ndugu zake. Hapa kila kitu kikivaa nyekundu, baba, hatari ivae nini?" Akavaa miwani. "Halafu kichwa kinanigonga tangu Jumatatu. Kibao chako mtu anakipita, anakwenda zake. Mimi nakaa mbele ya hiki masaa manane."

Mkwe aliomba radhi, akaketi kwenye kompyuta, na kwa dakika tano akaivua programu ile ngozi nyekundu na kuirudishia sura ya kijivu ya zamani. Brashi alisimama akitazama kazi yake ikitoweka dirisha kwa dirisha. Hakuna aliyemwambia aondoke, na hakuna aliyemwambia abaki.

Walitoka hospitali wakashika njia ya nyumbani. Mkwe akasema, "Baba, kosa ni langu pia. Ilipasa tumwonyeshe yeye kwanza."

"Tulimwonyesha meneja."

"Meneja hatoi damu."

Siku mbili Brashi hakuigusa kompyuta. Alikaa uani, akasafisha brashi zilizokuwa safi. Siku ya pili mkewe alimletea uji, akakaa ubavuni mwake, na hapo Brashi akamsimulia yote, bila kujipunguzia. "Nimenusurika kumuua mtu kwa rangi," alimaliza.

Mkewe hakumbembeleza, hawakuwa wanandoa wa namna hiyo. "Hukumuua," alisema. "Aliyekuzuia bado yuko kazini, na wewe umekaa hapa unaosha brashi. Unamngoja akufuate?"

Jumatatu, saa mbili asubuhi, alikwenda peke yake kwa miguu. Mama Jokofu alimkuta mlangoni.

"Naomba kukaa nitazame," Brashi alisema.

"Hapa si sinema."

"Sitasema neno."

"Watu wa aina yako hawawezi."

Alimpa hata hivyo kiti cha plastiki, kati ya jokofu la pili na la tatu, na Brashi akakaa hapo asubuhi tatu mfululizo. Alikuwa na daftari dogo na kalamu ya risasi. Hakusema neno. Siku ya kwanza Mama Jokofu alimgeukia kila baada ya muda kuhakikisha; siku ya pili alimsahau; siku ya tatu alianza kumsemesha mwenyewe.

Brashi aliona mambo ambayo sebuleni yasingeonekana kamwe. Aliona kwamba mwanamke yule haisomi skrini. Anaitupia jicho, sekunde mbili tatu, anarudi kwenye mifuko. Jicho lake huanzia ukingo wa kushoto na mara chache hufika wa kulia, ambako tarehe zimewekwa. Aliona kwamba kuanzia saa tatu na nusu mpaka saa nne na robo jua huingia kwa dirisha la mashariki likaifuta robo ya juu ya skrini, na Mama Jokofu ameibandikia kompyuta kipande cha boksi juu kama ukingo wa kofia, na bado anainamisha shingo. Aliona kitufe cha kutoa mfuko na kitufe cha kufuta vikikaa bega kwa bega, na jinsi mkono wake unavyosita juu yao kila mara, hata baada ya miaka yote hiyo.

Siku ya tatu aliondoka kwa kuchelewa, akakutana na mwanamume anayeshika zamu ya mchana, mtu mpole mwenye kichwa cha kipara. Brashi alimuuliza rangi zipi zinamfaa. Mtu yule akatazama huku na huku kabla ya kujibu.

"Nikuambie kweli? Nyekundu na kijani kwangu ni mapacha. Siwatofautishi. Nilizaliwa hivyo."

"Sasa mfuko uliopita muda unaujuaje?"

"Nasoma tarehe. Kila mfuko, kila mara. Ndiyo maana wanasema mimi ni mzito." Akacheka kidogo. "Mama Jokofu anajua. Wengine hawajui, na nitashukuru wasipojua."

Brashi akafunga daftari lake. Alifika nyumbani akanawa mikono, akakaa karibu na mkwe bila kungoja kuitwa.

"Rangi peke yake haitoshi," alimwambia. "Nipe umbo. Unaweza kuchora mistari ya mshazari ndani ya safu, kama ile ya vizuizi vya barabarani?"

"Naweza."

"Na tarehe inaweza kuhamia kushoto?"

Mkwe akafikiri. "Hiyo si ngozi, baba. Hiyo inagusa mfupa." Akaendelea kufikiri. "Lakini ni mfupa mdogo."

Safari hii ilichukua wiki mbili. Brashi alitafuta kijivu kwa ukaidi uleule aliotafutia nyekundu, akagundua kwamba kijivu ni vingi kuliko alivyodhani maisha yake yote: kuna kijivu kinachochosha, kuna kinachonuka zege, na kuna kimoja chenye tone la njano ndani yake ambacho jicho hukaa juu yake bila kujua limekaa. Hicho ndicho alichokichukua. Herufi akazifanya nyeusi, nene kidogo kuliko za zamani, bila kivuli. Kila kitu kilichokuwa sawa alikinyamazisha. Mfuko uliopita muda ndio ukapewa nyekundu, na juu ya nyekundu mistari ya mshazari, hivi kwamba hata ukiigeuza skrini yote kuwa nyeusi na nyeupe bado uliuona. Kitufe cha kufuta kilihamishwa pembeni na kupunguzwa. Alipofika kona ya chini kulia, kidole kilimtangulia, kikaandika B. Akaitazama kwa muda, akaifuta. Pale ndipo programu ilipoandika idadi ya mifuko iliyobaki.

Walimpelekea Mama Jokofu kwanza. Saa tatu na nusu jua lilipoingia alitoa kile kipande cha boksi, akatazama, akakirudisha. "Kidogo tu," alisema. Brashi akaongeza weusi wa herufi palepale. Kikatolewa tena, na safari hii kikatupwa kwenye pipa.

Meneja alikuwa mlima mwingine. "Imepauka," alisema, akiwa amesimama. "Siku ya uzinduzi wanakuja wageni, wanakuja wapiga picha. Nitawaonyesha nini? Watasema tumechukua pesa tukarudisha kitu kilekile. Ile ya kwanza ilikuwa na uhai!"

"Ile ya kwanza ilikaribia kuutoa," mkwe alisema.

"Hayo ni makosa ya mtumiaji."

Brashi, aliyekuwa amealikwa kikaoni kwa adabu tu, alihisi damu ikimpanda kichwani. Angesema, na angesema vibaya. Mkwe akamgusa mkono chini ya meza, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kwa miaka minne, na heshima ikamfunga mdomo.

"Meneja," mkwe alisema taratibu, "programu inaweza kubeba ngozi mbili. Mtumiaji anachagua. Nyekundu tutaiita Sherehe, tutaiongezea mistari ya hatari ili isimdhuru mtu. Hii ya kijivu tutaiita Kazi. Siku ya wageni unavaa Sherehe. Siku nyingine kila mtu anavaa inayomfaa."

Meneja aliliona hilo kuwa wazo zuri, na kabla kikao hakijaisha lilikuwa limeshakuwa wazo lake.

Siku ya uzinduzi wageni walikuja, wakapigwa picha mbele ya skrini nyekundu, wakasifu. Mmoja alisema mtu anaona moja kwa moja kwamba hii ni programu ya damu. Mama Jokofu alisimama karibu na majokofu yake, amekunja mikono, akiwahesabu waliogusa milango. Mgeni wa mwisho alipotoka, alikwenda kwenye kompyuta bila kukaa, akabonyeza mara mbili, na chumba kikarudi kijivu. Mwenzake wa zamu ya mchana alipoingia alikuta orodha ikimngoja. Brashi, aliyekuwa anakusanya viti, alimwona akiipitia kutoka juu hadi chini bila kuinua mfuko hata mmoja kusoma tarehe, akasimama kwenye safu yenye mistari, akaenda moja kwa moja kuutoa ule uliopita muda. Alifanya hivyo kisha akabaki ameushika, kama aliyeshangazwa na wepesi wake.

Baada ya miezi mitatu Brashi alimuuliza Mama Jokofu anaionaje ile ngozi. "Ngozi gani?" alijibu, na alimaanisha, alikuwa anahesabu mifuko. Brashi alirudi nyumbani akiwa amenuna kidogo. Mkewe alipoisikia habari hiyo alicheka mpaka akakaa, naye akaendelea kununa, lakini siku iliyofuata alikuwa mezani mapema kuliko mkwe.

Programu ilienda vituo vingine vinane. Mkwe aliweza kuona kila kituo kimevaa ipi: saba Kazi, kimoja Sherehe. Hicho kimoja kilimsumbua Brashi. "Hawajui kwamba inabadilika," alisema. Mkwe akapiga simu; wanajua. "Basi wanapenda urembo," Brashi alisema. Mkwe akamwambia, "Baba, ni macho yao." Hakutosheka. Akapanda basi, saa tatu za njia, na daftari lake mfukoni, kwa nia ya kuwaongoa.

Alimkuta mtaalamu mmoja, binti wa miaka ishirini na kitu, katika chumba cha chini ya ngazi kisicho na dirisha hata moja. Taa ilikuwa moja, ya manjano, na ilipepesa. Brashi alikaa asubuhi nzima. Akamwomba avae Kazi kwa saa moja, na binti akavaa kwa heshima ya mgeni. Katika mwanga ule kijivu chake kizuri, chenye tone la njano, kiligeuka maji ya kuoshea vyombo. Mistari ya jedwali ilizama. Binti aliisogelea skrini mpaka pua ikakaribia kioo.

"Unaona, baba?" alisema. "Na ile nyekundu inaniamsha. Humu ndani mtu anaweza kusinzia saa nne asubuhi."

Brashi aliona. Alirudi bila kumwongoa mtu. Usiku alilala vizuri, na asubuhi akaomba faili la Sherehe lifunguliwe. Akapunguza ile mia mbili ya nyekundu yake ikawa mia moja na sabini, kwa kumhurumia yule binti, ili kichwa kisimgonge siku moja. Mkwe akaituma ngozi iliyorekebishwa.

Haikupita saa moja simu ikalia. Mkwe akasikiliza, akasema ndiyo, akasema samahani, akakata. Alijaribu kuzuia uso wake usicheke.

"Anasema umempakia majivu," alisema. "Anataka nyekundu yake irudi kama ilivyokuwa."

Brashi akavuta kiti. Akaandika mia mbili.